Kwa Nini Sikuifungua Sailensa ya Msumeno Wako

Neema binti yangu,

Sailensa ya msumeno wako sikuifungua. Nakuambia mwanzoni kabisa ili usisome barua nzima ukitafuta jibu. Jumatatu uliniwekea msumeno ule mezani kwangu uwani, ukasema, "Mama, nifungulie tu kama ulivyomfungulia Papa. Sharp, sawa?" Nikakujibu nitaona. Basi nimeona. Msumeno uko kwenye gunia lake karibu na mlango, na sailensa iko vilevile ilivyotoka kiwandani.

Najua utanuna. Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nyumba imetulia, nami nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo ningelisema kwa mdomo ungenikatiza kabla sijafika nusu. Habari za blanketi, za dawa ya kifua na za kushika mkoba wako vizuri stendi sitaziandika. Hizo nimezisema mpaka nimejichosha mwenyewe.

Sababu yako naielewa. Huko Sabie, kwenye mashamba ya misonobari, utakuwa msichana peke yako kwenye kikosi cha wakata miti, na hutaki siku ya kwanza wanaume wakutazame ukihangaika na gogo huku misumeno yao inapita kama kisu kwenye papai. Unataka chombo chako kikutangulie kusema. Mimi pia nimewahi kutaka hivyo. Ndiyo maana sikukasirika uliponiomba.

Babu yako kule Uvira alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga. Alikuwa hafungui kitu kabla ya kukisikiliza. Anawasha mashine, anafumba macho, anainamisha kichwa, halafu anasema, "Huyu anakosa hewa," au, "Huyu anakunywa mafuta kupita kiasi." Injini zote kwake zilikuwa "huyu." Nilijifunza kwake kwamba injini ni kama mtu, inavuta pumzi na kutoa pumzi, na ukiibana pa kutolea inachoka.

Nilipofika Johannesburg hakuna aliyetaka kujua hayo. Akina dada wa kanisani walinitafutia kazi ya kusuka nywele, kwa sababu mwanamke wa Kongo lazima awe anajua kusuka. Nilisuka vibaya sana. Wateja walinisamehe kwa jina la Yesu, na hawakurudi. Siku moja bwana aliyekuwa akikata nyasi nje ya saluni alishindwa kuwasha mashine yake. Akavuta kamba, akatukana, akavuta tena. Nikatoka na kitana kichwani, nikafungua plagi, nikaisugua kwa tupa ya kucha, nikairudisha. Mashine ikawaka. Tangu siku hiyo sikugusa tena kichwa cha mtu. Watu wa mitaa yetu ya Bellevue na Yeoville wakawa wananiletea mashine za nyasi, jenereta, pampu, nami nikaweka meza uwani, nyuma ya chumba chetu.

Papa wako wakati huo alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Randburg. Alichoka kukaa getini akifungulia magari ya watu. Akajuana na Themba, kijana wa Kizulu aliyekuwa na bakki, yaani pikapu, kuukuu na kamba nzuri, wakaanza kukata miti pamoja. Papa alipanda juu na msumeno, Themba alibaki chini na kamba. Kazi ilikuwa nyingi. Ile mialoni mikubwa ya mitaa ya matajiri ilikuwa inakufa kwa kadudu kadogo kuliko punje ya mchele kanakotoboa shina, na wenye nyumba waliogopa matawi yasije yakaangukia mapaa yao. Lakini msumeno wa Papa ulikuwa mkuukuu. Ukifika katikati ya shina nene unakohoa na kusimama.

Akaja akaniambia, "Mama Neema, wenzangu wanafungua sailensa. Wanasema msumeno unapata nguvu. Unaweza?"

Watu wa kanisani wakisimulia habari hii siku hizi, husema Papa alinilazimisha. Sivyo. Ningekuwa nimeombwa na mtu nisiyemjua ningeifanya vilevile, maana nilitaka kuona. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilivua nguo ya kanisani, nikafungua skrubu, nikaitoa sailensa, nikaziba tundu la injini kwa kitambaa ili chembe za chuma zisiingie kwenye silinda. Nikatoa kale kawavu kanakozuia cheche. Nikatoboa kwa drili, nikapanua kwa tupa, nikalainisha kingo mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Nikairudisha. Nilipowasha, sauti ilikuwa kali na nyembamba, nikajua hewa imezidi mafuta, na injini ikiachwa hivyo pistoni itaungua. Nikafungua skrubu ya kabureta kidogo, kidogo tena, mpaka sauti ikanenepa. Nikafumba macho. Neema, ilikuwa sauti ya kupendeza. Ningependa babu yako aisikie.

Papa aliweka gogo juu ya matofali akalikata. Alicheka kama mtoto. Akaniinua hapohapo uwani mbele ya wapangaji wote.

Yule bibi kizee wa chumba cha mbele tuliyemwita Gogo, aliyekuwa akikupa maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari, alitoka na khanga kichwani akasema, "Eish, mama, hicho kitu kitatuua masikio." Nikamwomba radhi, nikamwambia ni leo tu. Haikuwa leo tu. Themba aliwaambia wenzake, na kila Jumamosi wakata miti walikuja na misumeno yao. Wakaniita Mama Sailensa. Wanaume waliokuwa wakinipita bila salamu sasa walisimama kwenye foleni wakiniita mama, na wengine walikuwa na ndevu nyeupe. Utanisamehe nikikwambia kwamba hiyo ilikuwa miaka ambayo nilitembea shingo juu.

Papa alikuwa na vikinga masikio. Kimoja kilipasuka, akakifunga kwa utepe mweusi. Siku za joto alivishusha shingoni. Nilimwona akivishusha, nikamwambia avae, akaniambia ndiyo, tukaendelea na mambo mengine.

Sasa nataka nikusimulie kuhusu Alex, ule mtaa tuliokaa kwa muda, kwa sababu uliwahi kuniuliza tulifuata nini kule, nami nikakujibu kwamba chumba chetu kilikuwa kinapakwa rangi.

Ulikuwa umeanza shule. Papa wako alibadilika pole pole, kama maziwa yanavyobadilika, huwezi kusema yaliganda lini. Nilimsemesha, hakujibu. Nilimuuliza chakula kikoje, akaendelea kula. Nikimuita kutoka jikoni, kimya. Halafu akisema yeye, anasema kwa ukali, anapaza sauti juu ya jambo dogo kabisa, chumvi iko wapi, nani kachukua kandambili. Televisheni ilikuwa inanguruma mpaka majirani wanagonga ukuta. Wewe ukaanza kujificha nyuma yangu akiingia. Siku moja ulinong'ona, "Papa amekasirishwa na nini?"

Nilijitafutia jibu mwenyewe. Nilisema moyoni, amepata pesa kidogo, amenichoka. Nilisema kuna mwanamke mwingine, na huyo ndiye anayejibiwa. Niliwahi kumwambia hayo akiwa amenipa mgongo, ananawa mikono bombani. Nilimwambia, "Kama umenichoka, sema, niondoke na mtoto wangu." Akajifuta mikono, akapita mbele yangu, akaenda kuwasha televisheni. Nikasema basi, nimepata jibu.

Asubuhi yake alipokwenda kazini nilikufunga viatu nikakupeleka Alex, kwa dada Furaha, yule mshonaji tuliyekuja naye kutoka Uvira. Mlikuwa mnalala wewe na wanawe chini ya meza ya cherehani, ukaona ni sherehe. Mimi nilikaa pale nikimsaidia kukunja vitambaa, na kila jioni nilimsimulia ubaya wa Papa wako mpaka naye akamchukia.

Papa alipiga simu. Nilipopokea alisema, "Halo? Halo? Mbona husemi?" Nami nilikuwa nasema. Nikadhani ananidhihaki, nikakata. Alipiga tena na tena, sikupokea.

Kisha akaja mwenyewe, Jumapili. Nilikuwa nimetoka na ndoo kwenda bombani, narudi, nikamwona kwa mbali amesimama katikati ya kile kinjia cha kwa Furaha, amevaa shati lake la kanisani, anatazama namba za milango. Alikuwa amenipa mgongo. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini nilipouona ule mgongo, kola imekunjwa vibaya kwa sababu hakuna aliyeinyoosha, nikamuita tu. "Papa Neema!"

Hakugeuka. Hasira ikanirudia. Nikaita tena kwa sauti kubwa, hata watu wakachungulia.

Wakati huohuo gari la kuleta mikate kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, likaanza kurudi nyuma kuelekea kwake. Dereva akapiga honi. Watoto wakatawanyika, kuku wakaruka, mama mmoja akanyakua besheni lake. Honi ikalia tena, ndefu. Papa wako alibaki amesimama palepale, anasoma namba ya mlango.

Nilitupa ndoo nikakimbia. Nilimshika mkono wa shati nikamvuta ukutani, gari likapita mbele yetu, dereva anatukana kwa lugha zote za Johannesburg. Papa alinitazama kwa mshangao. Uso wake ukafunguka, akatabasamu, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Ah, Mama Neema! Mbona umekuja kimya kimya hivyo?"

Miguu yangu ilikuwa imelowa yale maji.

Tuliingia ndani. Furaha hakumsalimu vizuri. Wewe ulikuwa umekwenda dukani na wenzako. Nilimkalisha kwenye kiti, nikaenda nyuma yake kana kwamba natafuta kikombe. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Chai au maji?" Kimya. Nikasema, "Nimekukosa." Kimya. Furaha aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama, akaelewa, akaweka mkono mdomoni. Nikazunguka nikasimama mbele yake, nikasema yaleyale, na macho yake yakawa kwenye midomo yangu. Akasema, "Nami nimekukosa."

Zahanati walimvalisha vitu masikioni, wakamwambia ainue kidole akisikia mlio. Nilikaa nyuma ya kioo. Muuguzi alibonyeza, akabonyeza, na kidole cha Papa kikatulia juu ya goti. Kiliinuka kwa milio mizito tu. Muuguzi alieleza kwamba milio ya juu ndiyo inayotangulia kwenda, sauti za wanawake, za watoto, za simu, na kwamba ikishaondoka hairudi. Akauliza kazi yake. Akauliza mashine ina kelele kiasi gani. Papa akanigeukia mimi nimjibie, maana mimi ndiye fundi.

Njiani tulikaa sana kwenye robot, zile taa za barabarani, nyekundu haitaki kuondoka. Papa akasema, "Kumbe ndege hawajahama." Nikamuuliza ndege gani. Akasema, "Nilidhani ndege wamehama mjini kwa sababu miti inakufa. Nilikuwa nawahurumia."

Siku hiyohiyo tulikurudisha nyumbani. Furaha alimwomba Papa wako msamaha kwa mambo ambayo yeye hakujua yamesemwa.

Usidhani mambo yalinyooka pale. Nilinunua sailensa nyingine nikataka kumwekea, akakataa. Alisema masikio yamekwisha kuharibika, nguvu ya msumeno ndiyo iliyobaki, na mteja hangoji. Tuligombana, safari hii uso kwa uso. Nikawafuata na wale wengine niliowafungulia, mmoja mmoja. Wengine walinicheka. "Mama Sailensa ametubu!" Mmoja aliniambia nimehongwa na wauza misumeno. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie, maana hakunipata vizuri. Wachache tu walikubali niwarudishie. Themba alikuwa wa kwanza. Jumamosi zangu zikawa tupu, nikarudi kwenye mashine za nyasi.

Aliyembadilisha Papa ni Themba. Walikuwa Randburg, kwenye mwaloni mkubwa nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Papa yuko juu, msumeno unanguruma. Themba akaona kwamba tawi linalokatwa limefungwa kwa kamba, na kamba hiyo imejizungusha kwenye ile aliyoning'inia Papa mwenyewe. Tawi likianguka linakwenda naye. Themba alipiga kelele. Mwalimu alipiga kelele. Mbwa wa jirani walibweka wote. Papa anakata. Themba akavua buti lake lenye chuma mbele, akalirusha kwa nguvu zake zote, likampiga Papa mgongoni. Akazima msumeno akageuka amewaka kwa hasira, anataka kujua ni mpumbavu gani. Themba alionyesha kidole tu. Papa akatazama kamba. Akaitazama tena.

Alishuka akakaa kwenye bakki mpaka wakafunga kazi. Jioni aliuweka msumeno mezani kwangu, akanitazama usoni, akasema, "Irudishe." Nikairudisha. Tangu hapo yeye na Themba wakatunga ishara zao za mikono, zilezile ulizozikuta ulipoanza kufanya nao kazi ukadhani ni za wakata miti wote wa dunia.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nikae na msumeno wako tangu Jumatatu bila kuutoboa. Nilijaribu kujiuliza ni nini hasa nilichokosea, maana kufungua sailensa si dhambi, na ile kazi niliifanya vizuri. Nafikiri ni hivi. Mimi ni mtu niliyefundishwa kusikiliza. Nilisikia injini ikikosa mafuta, nikajua ugonjwa wake kabla ya kuigusa. Lakini mtu wangu, aliyelala ubavuni mwangu, alipobadilika, sikumsikiliza hata mara moja. Nilimsikia kwa hofu yangu. Nilimwekea maneno mdomoni, nikayajibu mwenyewe, nikafunga mizigo, yeye hajui hata kwamba tunazungumza. Ukipata mtu huko uendako, na nadhani utapata, akikunyamazia usikimbilie kujijibia. Nenda mbele yake, umuulize huku anakutazama. Mimi nilichelewa kidogo tu, na karibu gari la mikate linifanye mjane, kama anavyosema Themba akitaka kutuchekesha.

Kuhusu msumeno, sikuuacha hivihivi. Nimesafisha kawavu ka cheche, kwa sababu huko ni misonobari mitupu na majani makavu, na cheche moja katika ukame wa Agosti inaweza kula mlima. Nimerekebisha kabureta. Mnyororo nimeunoa jino kwa jino, na mwingine mpya uko kwenye mfuko wa pembeni pamoja na tupa. Mnyororo mkali unakupa sehemu kubwa ya nguvu unayoitafuta. Wanaume wengi ni wavivu wa kunoa, utaona. Vikinga masikio ni vipya, na havijaunganishwa kwa utepe.

Lakini sikuweka kizuizi chochote, Neema. Ulinishikia taa mara nyingi, unajua skrubu zilipo. Ukifika kule ukaona huwezi bila kuifungua, utaifungua, na sitakuja Sabie kukunyang'anya. Ni masikio yako. Nimetaka tu uamue ukiwa umejua habari yote, kwa sababu mimi nilipoamua nilikuwa naijua nusu, ile nusu inayopendeza.

Jambo moja limebaki, na hili halihusu misumeno. Leo mchana, ulipokuwa unafua, Papa alikuja uwani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akakutazama ukiimba. Mdomo wako ulikuwa unafumbua na kufumba, nawe umemgeuzia ubavu. Akaniuliza, "Sauti yake siku hizi ikoje?" Nikamwambia unaimba vizuri. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nauliza sauti yenyewe. Mimi ninayo ile ya utotoni, aliyokuwa akinililia nayo pipi. Sasa ni kama ya nani?"

Nikafikiri. Nikamwambia ni kama ya bibi yako aliyemzaa yeye Papa, nzito kidogo mwanzoni, halafu inapanda. Akafumba macho, nikajua anaitafuta. Kisha akaangalia chini akicheka peke yake, akaniambia, "Basi ni nzuri."

Kwa hiyo kesho ukimuaga, usimpigie kelele kama mnavyozoea. Mshike mabega, simama mbele yake pa mwanga, useme taratibu. Na useme Kiswahili, binti yangu, hata kama ni kile chako cha kuchechemea. Midomo ya Kiingereza inampita. Ya Kiswahili anaisoma yote.

Akupendaye,
Mama